Lindi: ule ukingo wa Lukuledi upande wa kivuko cha Kitunda, tunaweza kuufanya bustani ya watu?

Mzawa wa Rahaleo
Wakuu habari za muda huu. Ule ukingo wa mdomo wa mto Lukuledi hapa mjini, upande wa kivuko cha kwenda Kitunda, jioni una upepo mtamu kweli ila mji mzima tumeupa mgongo. Majani yamejiotea, chupa za plastiki kibao, giza likiingia hakuna anayepita peke yake. Na huku kila wikiendi vijana wanalalamika hakuna pa kwenda zaidi ya baa. Juzi naangalia video za Seoul, Korea Kusini, mto wao wa Cheonggyecheon walikuwa wameufunika wakaweka na barabara ya juu, wakaja kuibomoa, 2005 wakafungua karibu kilomita 6 za kutembea kando ya maji katikati ya jiji. Sisi hata cha kubomoa hatuna! Ungepewa kazi hiyo ungeanza na nini? Mi naona njia ya kutembea, mabenchi, taa, chemchemi ya kurusha maji, na geti moja la maana.

fundi_ramani
Mkuu wazo zuri ila chemchemi ifute. Huo mto wa Seoul maji yake mengi yanasukumwa na pampu kutoka mto Han, bili ya umeme kila siku, sasa sisi tutakata utepe leo, pampu ikiungua ndo basi tena. Halafu pale si mto tu, bahari inaingia. Siku za bamvua maji yanapanda mpaka huku juu, yakitoka unabaki na tope, kwahiyo ukisimamisha ukuta wa zege wima wimbi litaufukua chini taratibu mpaka ulale. Weka ngazi pana za mawe zinazoshuka majini, yakijaa yanameza za chini watu wanakaa za juu, yakitoka watoto wanashuka kutafuta kaa. Mikoko usiiguse, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na ndiyo inayoshika udongo. Na kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni shughuli za kudumu haziruhusiwi, ukienda na mchoro wa ukumbi na hoteli unarudishwa nao, ila miti, njia na vivuli vyepesi vinaongeleka. Ila kabla ya yote ni mitaro, mvua ikipiga taka zote za mjini zinashukia hapohapo, utapanda maua juu ya jalala.

Korosho Ghafi
Hahaha geti la maana 😂 Kuna mji nilikaa zamani walitengeneza bustani nzuri balaa, wakazungushia uzio, wakaweka kiingilio, mwisho wa siku wanaingia maharusi kupiga picha na mbuzi wanaopita chini ya uzio. Wenyeji tunachungulia kwa nje. Mkileta geti mi simo.

Bi Mkubwa Mikumbi
Wanangu mnachora vizuri ila mnaongea kama pale hapana watu. Kuna mafundi wa madau, asubuhi ukipita unamkuta mtu kainama anashindilia pamba kwenye nyufa za mbao, nyundo inalia ko ko ko, mtoto kasimama anaangalia. Hiyo si ndiyo ya kutazama? Mnataka kumuondoa muweke benchi. Na sie wa pweza na mihogo ya kukaanga, mkija na mabati mapya cha kwanza tutaambiwa tunachafua. Forodhani pale Unguja ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 2009 na wauza vyakula wapo mpaka leo, watu wanatoka mbali kuwafata wao. Mie nipe taa, bomba la maji na choo, wateja watajileta.

Mzawa wa Rahaleo
Shikamoo Bi Mkubwa, geti nimelifuta na chemchemi nimeifuta (kwa uchungu). Ila choo nani atakisimamia? Choo cha umma bila mwenyewe kinafungwa kwa kufuli tu.

Bi Mkubwa Mikumbi
Marahaba. Kipewe kikundi cha kina mama, si kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2? Watu walipie kidogo, wenyewe watakiosha. Ila mkiweke upande wa barabarani, kusiwe na anayetiririsha uchafu kwa samaki wetu.

Korosho Ghafi
Hapo sasa nimeanza kuelewa. Miti je? Msituletee mitende ya mapambo isiyo na kivuli hata cha kuku, pandeni mikungu na mivinje, inastahimili chumvi.

fundi_ramani
Mikungu sawa, mivinje ikae nyuma kidogo. Wakuu mwezi mpevu ukifika bamvua itakuwa kubwa, mwenye nafasi aje na vigingi na kamba tuweke alama maji yanapoishia, bila hiyo alama ngazi zote hizi tunazijenga hewani. Bi Mkubwa tutakula kwako.

Bi Mkubwa Mikumbi
Njooni na hela taslimu, mkopo hapana.