Picha ya shule ya zamani ya Rosenwald, naipataje?

Swali: Habari zenu wakuu. Niko North Carolina, Marekani. Bibi mmoja wa kanisani kwetu, miaka 91, alisoma shule ya watoto Weusi iliyojengwa kwa msaada wa Mfuko wa Rosenwald, ule wa tajiri Julius Rosenwald uliosaidia kujenga shule za Weusi kusini mwa Marekani. Ilishabomolewa, zimebaki ngazi tu kwenye majani. Hana hata picha moja. Nianzie wapi?

Jibu: Kumbukumbu za mfuko huo zipo Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, na kadi za shule, zenye picha na hesabu za ujenzi, unaziona mtandaoni. Tafuta kwa kaunti, majina ya shule yanachanganya. Kwenye kadi soma michango: Weusi, Wazungu, serikali, Rosenwald. Hapo kwa Weusi usipapite haraka. Walishalipa kodi, wakachanga tena, na jumla ya michango yao ilizidi ya mfuko! Hadi 1932 shule zilikaribia 5,000. Watu waliuza kuku na pamba, jamani.

Jibu: Kwetu Kenya tuna ndugu wa habari hii. Shule ya Jeanes, Kabete, 1925, ilichukua jina na mfano wa mfuko wa Anna Jeanes, uliolipia walimu wa shule za Weusi kusini mwa Marekani. Babu yangu alisomea hapo.

Muulizaji: Nimeipata! Ni shule ya walimu wawili, madirisha marefu yamepangana upande mmoja, maana umeme haukuwepo. Bibi kaishika simu kwa mikono miwili, akagusa dirisha la tatu: "Nilikuwa nakaa hapa." Asanteni sana.