Nikipaka rangi nyumba yangu mwenyewe, nakwamisha uchumi?

Mleta mada: Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa kujifanyia: nazibua sinki, nashona mapazia, nabadilisha vitasa. Sasa nina likizo ya wiki mbili na nataka kupaka rangi nyumba nzima. Shemeji yangu kaniambia mbele ya watu kwamba wabahili kama mimi ndio tunaofanya pesa isizunguke na mafundi wakose kazi. Imeniuma. Je, ana hoja? Nipake au niite fundi?

Mpenda Hesabu: Shemeji yako anachanganya uchumi na takwimu zake. Pato la taifa litahesabu ndoo za rangi ulizonunua, jasho lako halitahesabiwa, lakini ukuta utakuwa umepakwa vilevile. Mwanauchumi Arthur Pigou alilionyesha hili zamani: mwanamume akimwoa mtumishi wake wa ndani, pato la taifa linashuka, ilhali anayefagia ni yuleyule. Mazao unayolima ukala mwenyewe yanahesabiwa, kuyapika hakuhesabiwi! Naona ni dhuluma kwa wanaoshinda jikoni. Na pesa usiyompa fundi utanunulia kitu kingine, au itakaa benki akopeshwe mwenzio.

Fundi Rangi: Mkuu, hapo umeruka jambo moja: muda. Mwanauchumi Adam Smith aliandika mwaka 1776 kuhusu watu 10 waliogawana kazi ya kutengeneza pini, wakatoa zaidi ya 48,000 kwa siku. Kila mmoja peke yake asingefikisha hata 20. Chumba ninachomaliza kwa siku moja, asiyezoea atahangaika nacho siku tatu, na kona zitamsaliti. Mleta mada, siku hizo zingekuingizia kitu kwingine?

Mleta mada: Hapana, mshahara ni uleule. Na kupaka rangi kunanipumzisha.

Fundi Rangi: Basi paka, ndugu yangu. Kuta za nje za juu tu ndizo uite mtu, ngazi si ya kujifunzia.

Mama Wawili: Naongeza hoja ya kodi. Mshahara wako umeshakatwa kodi kabla hujamlipa fundi, naye ana kodi yake, ila kazi unayojifanyia haikatwi kodi. Ndiyo maana wengi hujifanyia hata kazi wasizoziweza.

Mleta mada: Asanteni sana. Ndani napaka mwenyewe, nje naita fundi. Fundi, kuna ukuta wa chumbani una unyevu, rangi inabanduka. Nianzie wapi?

Fundi Rangi: Tafuta kwanza maji yanatokea wapi. Brashi usiiguse bado.