Mchango wa ulinzi shirikishi katika kata yetu: uwe wa lazima au ubaki wa hiari?

Mwanakata
Ndugu wakazi, katika mkutano wa mtaa wa Jumapili iliyopita lilitolewa pendekezo kwamba mchango wa ulinzi shirikishi, ambao kwa sasa ni shilingi 2,000 kwa kaya kila mwezi na hutolewa kwa hiari, ufanywe wa lazima, na kaya isiyolipa inyimwe barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Vijana wa doria wana filimbi mbili na tochi ambazo betri zake wanajinunulia wenyewe, na tangu waanze kupita uchochoro wa nyuma ya msikiti, wizi wa mita za maji umepungua. Hata hivyo, kata tayari ina mkaguzi wa polisi anayelipwa kwa kodi zetu. Je, ni haki tulazimishwe kulipa mara mbili?

Mzee wa Mikorosho
Naunga mkono pendekezo kwa mikono miwili. Sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakungoja polisi wawatafutie ng'ombe walioibwa. Walijipanga wenyewe, Mwalimu akawaunga mkono, na baadaye Bunge likawatambua kwa sheria, nadhani mwaka 1989. Kinachotukwamisha hapa ni wapangaji. Hawana uchungu na mtaa: leo wapo, kesho wamepakia godoro kwenye guta.

Chumba cha Uani
Mzee wangu, shikamoo. Hilo la godoro limenichoma, na sitajibu kuhusu sungusungu mpaka nimalizane nalo. Mwenye nyumba wangu anaishi wilaya nyingine na huja mtaani siku ya kodi tu, ambayo hudai ya miezi sita kwa mkupuo. Usiku filimbi inapolia, anayetoka na panga ni mimi. Sasa niambiwe, kati yangu na yeye, mwenye uchungu na mtaa ni nani?

Kifungu kwa Kifungu
Naomba turudi kwenye hoja. Ibara ya 146 ya Katiba inazitaja serikali za mitaa katika ulinzi wa wananchi, kwa hiyo mtaa kujipangia doria si kosa. Lakini ibara ya 138 inasema kodi ya aina yoyote haitozwi isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Mchango unaodaiwa kwa nguvu, tena kwa kumnyima mtu barua anayoihitaji ili adhaminiwe au afungue akaunti ya benki, umeacha kuwa mchango, na mkutano wa mtaa hauwezi kuuhalalisha kwa kunyoosha mikono tu.

Mzee wa Mikorosho
Wasomi wa ibara tunawajua. Mwizi akiingia uani kwao hawamsomei Katiba. Na wewe, mwanangu wa uani, marahaba. Sikukutukana. Nilisema wapangaji kwa ujumla, na daftari la michango lipo: wanaodaiwa wengi ni wao.

Zamu ya Usiku
Daftari hilo naliomba lisomwe hadharani, kwa kuwa mimi ni mpangaji, nimelipa, na risiti yangu ni kipande cha karatasi ya daftari la shule kisicho na muhuri. Pamoja na hayo, mlango wangu umechorwa alama ya mkaa, ile wanayowekewa wasiolipa. Nafanya kazi hospitalini, narudi saa nane usiku, na mara mbili vijana hao hao ninaowachangia wamenisimamisha na kuniuliza ninazurura na nani. Mkaguzi wa kata nilipomweleza alinisikiliza vizuri na akaandika, vijana walicheka. Tatizo langu si shilingi 2,000. Nani anawasimamia?

Chumba cha Uani
Dada, pole sana. Unaona sasa? Alama ya mkaa imewekwa kwenye milango ya wapangaji tu. Nimezunguka nikaangalia.

Mzee wa Mikorosho
Kwangu haikuwekwa kwa sababu nimelipa.

Chumba cha Uani
Na jirani yako wa geti jeusi, je? Au naye amelipa? Tusifichane, mzee wangu. Tarehe 27 Novemba 2024 nilisimama kwenye foleni nikapiga kura ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa, na hakuna aliyeniuliza hati ya kiwanja. Kama nilikuwa mkazi siku ile, basi ni mkazi pia daftari linapokaguliwa.

Mwanakata
Ndugu zangu, swali lilikuwa lazima au hiari.

Kifungu kwa Kifungu
Swali limekwisha kubadilika, Mwanakata, na pengine limebadilika kwa heri. Kabla ya kuamua kiasi na ulazima, mkutano upewe mapato na matumizi, majina ya walinzi yapelekwe kwa mtendaji na kwa mkaguzi wa kata, na kila mlinzi awe na kitambulisho. Bila hayo, hata hiari siiungi mkono.

Mzee wa Mikorosho
Mkutano ujao nitakuja na stakabadhi zangu zote. Wa geti jeusi ajibu mwenyewe. Mimi si msemaji wake.

Zamu ya Usiku
Mkutano uitishwe jioni basi, si saa nne asubuhi ambapo sisi wa zamu tumelala na wapangaji wengine wako kazini.