Gumzo la ukoo: Babu wa Mizinga

Mwalimu (Chamwino): Mbukwenyi, wazee wangu, na shikamooni nyote. Juzi Shangazi alituma hapa picha ya nishani ya Babu wa Mizinga, baba yake Bibi, iliyokuwa ndani ya sanduku la bati la Bibi, nami nikaahidi kuichunguza kwa utulivu. Upande mmoja una kichwa cha Mfalme George wa Sita, na upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, kwa hiyo ni nishani ya vita ya 1939 hadi 1945. Nimetafuta jina au namba ya askari ukingoni, pande zote, wala sikuona hata herufi moja. Nishani inatuambia kwamba Babu alikuwa askari, lakini haituambii alikuwa na kikosi gani wala alifia wapi.

Baba Mkubwa (Area C): Marahaba, mwanangu. Alipofia tunapajua. Babu alifia Bama, yaani Burma, ambayo leo ni Myanmar, na hilo tumelelewa nalo tangu utotoni. Alizaliwa katika njaa ya Mtunya, majeshi ya vita ya kwanza yalipokuwa yameshachukua ng'ombe na nafaka za Wagogo na kuwaacha watu wakigombania mizizi, kisha vita ya pili ikaja kumchukua yeye mwenyewe.

Mwalimu (Chamwino): Baba Mkubwa, sipingi kwamba safari yake ilikuwa ya Bama. Ninachouliza ni kama alifika. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo iliyopigana huko Bama, bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, iliingia huko Agosti 1944, baada ya kukaa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Cheti cha ubatizo cha Bibi ni cha Novemba 1943. Shangazi, tafadhali muulize Bibi tena: habari ya msiba ilipoletwa, yeye alikuwa na umri gani, na ulikuwa msimu gani?

Shangazi (Mpwapwa): Nimekaa naye hapa, nami naandika anavyosema. Anasema hakumbuki mwenyewe ila alisimuliwa na mama yake mara nyingi. Tarishi alitumwa kutoka bomani, mama yake akaitwa kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali ya kikoloni, akaenda akiwa amembeba mtoto mgongoni, mtoto ambaye alikuwa hajaanza kutambaa. Aliporudi aliwakuta jirani wanavuna uwele, wakaacha kuvuna. Anasema pia kwamba mama yake kila aliposaga alikuwa akisema maneno yaleyale: "Alimezwa kabla hajafika." Sisi watoto tulidhani alimaanisha kumezwa na vita.

Mwalimu (Chamwino): Asante sana, Shangazi. Mtoto aliyebatizwa Novemba 1943, ambaye hajaanza kutambaa, wakati wa kuvuna uwele: huo hauwezi kuwa mwaka mwingine ila 1944, na kwetu uwele huvunwa Mei au Juni. Maana yake barua ilifika bomani miezi miwili au mitatu kabla ya divisheni ile kuingia bonde la Kabaw. Kwa hiyo niliacha kutafuta mapigano, nikaanza kutafuta ni kitu gani kiliwameza askari wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa 1944.

Tarehe 12 Februari 1944, siku ya Jumamosi mchana, meli iliyoitwa Khedive Ismail ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo, huko Ceylon, ndani ya msafara wa meli tano za abiria zilizolindwa na manowari. Karibu na visiwa vya Maldives ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani yenye alama I-27. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Ilikuwa na watu 1,511, miongoni mwao wauguzi wa kike, na waliookolewa ni 214 tu. Sehemu kubwa ya waliokuwamo walikuwa askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki.

Baba Mdogo (Kondoa): Umesema mizinga?

Mwalimu (Chamwino): Ndiyo, Baba Mdogo. Mizinga ya kupigia makombora.

Baba Mdogo (Kondoa): Ndugu zangu, naomba nikae chini kwanza. Miaka kumi na miwili nimetundika mizinga ya nyuki kwenye mapori ya Kondoa, na kila mteja aliyenisifia asali nilimweleza kwamba kazi hii nimeirithi kwa babu yangu, ambaye ukoo mzima unamwita Babu wa Mizinga. Hata kwenye lebo ya chupa nimeandika "asali ya urithi".

Baba Mkubwa (Area C): Mimi ndiye niliyekuambia hivyo, mdogo wangu, nami niliambiwa na marehemu Mjomba. Hakuna aliyewahi kutuonyesha mti ambao Babu alitundika mzinga, na hakuna aliyeuliza. Lakini Mwalimu, usitukimbize. Jina la utani si ushahidi. Askari wa mizinga walikuwa wengi, na si wote waliopanda meli hiyo.

Mwalimu (Chamwino): Ni kweli kabisa, Baba Mkubwa, na ndiyo maana sikuishia hapo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti bila malipo. Nilianza kwa jina la Babu kama tunavyoliandika sisi, nikakosa. Baadaye nikakumbuka kwamba jina lake linaanza na "Mh", sauti ambayo karani asiye Mgogo haisikii wala hana namna ya kuiandika, kwa hiyo nikaacha jina, nikaweka tarehe na kikosi peke yake, nikaanza kusoma jina moja baada ya jingine. Ilinichukua jioni tatu. Nimepata watu wawili ambao jina lao ni la Babu bila ile "h". Rekodi ya mmoja haina maelezo ya familia. Ya pili imetaja baba yake, na hilo jina la baba silijui. Nimelituma kwa Shangazi faraghani, ili Bibi asiambiwe na mtu mwingine kabla hatujawa na hakika.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu meli hiyo ambalo nasita kuliandika, kwa sababu Bibi anasomewa kila kitu.

Shangazi (Mpwapwa): Bibi anasema usimfiche. Anasema ameishi miaka themanini na zaidi bila kujua, na kwamba wewe ulizaliwa juzi.

Mwalimu (Chamwino): Nisamehe, Bibi. Meli ilipozama, manusura walibaki wanaelea baharini, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari mbili za Uingereza, Paladin na Petard, ziliwajibika kuisaka isije ikazamisha meli nyingine zenye maelfu ya watu, na katika kuisaka zilirusha mabomu ya kulipukia ndani ya maji mahali palepale walipokuwa watu. Nyambizi iliangamizwa siku hiyohiyo. Baadhi ya waliokufa walikufa kwa mabomu ya upande wao.

Baba Mkubwa (Area C): Mungu awarehemu wote. Kwa hiyo hakuna kaburi.

Mwalimu (Chamwino): Hakuna, Baba Mkubwa. Waliofia Bama bila kaburi kujulikana, majina yao yako kwenye mnara wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan. Wa Khedive Ismail hawako huko. Majina yao yamechongwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Kama angekuwa mtu wetu, yuko karibu kuliko tulivyodhani.

Shangazi (Mpwapwa): Kabla hatujafika Nairobi, nami nina swali. Yule kaka wa babu yetu mzaa baba, aliyechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo kabla Waingereza hawajaingia Dodoma 1916, naye anaweza kupatikana kwa njia hiyohiyo?

Mwalimu (Chamwino): Kwa masikitiko, Shangazi, sidhani. Orodha hii ni ya waliokufa upande wa Waingereza, na hata wapagazi wao wa vita ya kwanza waliachwa bila kuandikwa. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Babu wa Mizinga alikufa katika vita ya pili, ndiyo maana ana mahali pa kutafutwa.

Shangazi (Mpwapwa): Basi nisikilizeni. Nimemsomea Bibi lile jina la baba lililo kwenye rekodi, bila kumwambia limetoka wapi. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia. Kisha akasema kwamba hilo ndilo jina ambalo mama yake hakuruhusiwa kulitamka, kwa sababu lilikuwa jina la baba mkwe wake. Mama yake alimwita kwa jina jingine la kupewa, na ndilo hilo sisi sote tulilolirithi tukidhani ni jina lake halisi. Bibi mwenyewe alilisikia likitajwa mara moja tu, msibani.

Baba Mkubwa (Area C): Mwalimu, nayarudisha maneno yangu ya mwanzo.

Mwalimu (Chamwino): Sijui niandike nini, Baba Mkubwa. Nilikuwa nimeshajiandaa kuwaambia kwamba tumefika mwisho wa njia.

Shangazi (Mpwapwa): Bibi anauliza kama wameandika jina la mama yake.

Mwalimu (Chamwino): Baadhi ya rekodi hutaja mke, lakini hii haikumtaja. Mwambie tu kwamba hakuna, Shangazi. Ametukataza kumficha.

Shangazi (Mpwapwa): Nimemwambia. Amesema ni sawa, kwa kuwa mama yake ana kaburi na sisi hulipalilia kila mwaka. Anachotaka ni mtu aende Nairobi, aliguse jina lile kwa mkono wake, alitamke na ile "Mh" yake kama inavyotakiwa, kisha arudi amweleze.

Baba Mdogo (Kondoa): Nitakwenda mimi. Kondoa ni njiani: nitapita Babati, Arusha, kisha Namanga. Mwalimu, nitumie namba ya mahali jina lilipo kwenye mnara, nisije nikazunguka siku nzima. Pasipoti yangu imeisha muda, kwa hiyo Jumatatu nitaanza na ofisi ya uhamiaji, na huku nitakuwa nafikiria la kufanya na lebo mia tatu za asali.