Eti Stålenhag ni "ukungu tu, leya moja"? Huyu jamaa atuombe radhi!

Wakuu, bado natetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule yule anayeuza "brashi za siri" elfu arobaini. Jana usiku kwenye laivu kaulizwa kuhusu Simon Stålenhag, mchoraji wa kidijitali wa mitambo mikubwa kwenye mandhari ya Uswidi, maana zile picha zake zote za "Dar ya Kesho" kamnyonya yule Mswidi mpaka uboho. Akajibu: "Stålenhag ni ukungu tu. Leya moja nyeupe, opasiti hamsini, kazi imeisha."

LEYA MOJA! Yaani tabaka moja la rangi juu ya mchoro, linaloziba asilimia hamsini!

Stålenhag kazaliwa 1984, akakulia mashambani nje kidogo ya Stockholm, akaanza kwa kuchora mandhari ya kwao akimfuata Lars Jonsson, mchoraji wa ndege. Syd Mead na Ralph McQuarrie, wabunifu wa filamu za kisayansi, walikuja baadaye. Ndiyo maana mitambo yake iliyochakaa inakaa shambani kama imeachwa hapo miaka thelathini: shamba lilitangulia, mtambo ukafuata. Halafu mtu anakuja kusema ukungu tu!

Haya, tuufanye huo ukungu wake. Mwaga nyeupe ya 50 juu ya picha nzima. Weusi wa tairi lililo mita tatu kutoka kwako unapauka sawasawa na weusi wa mnara ulio kilomita mbili. Unapata kioo cha daladala ambacho hakijafutwa tangu masika. Ukungu wa kweli hula giza kwanza, na unalila kwa umbali. Kwa hiyo unakata picha mapande: mbele, kati, mbali, nyuma kabisa. Kila pande leya yake, na rangi unaidonoa kwenye anga lililo nyuma yake, siyo nyeupe ya kopo. Mbele usizidi opasiti 5, kati 20 hivi, mbali 50, nyuma kabisa 75 au 80. Ukimaliza, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Giza la mbali likiwa zito sawa na la mbele, umeharibu, rudi mwanzo.

Opasiti hamsini picha nzima! Mungu wangu!

Na ile picha ya Ubungo ya huyu muuza brashi mmeiangalia kwa karibu? Volvo, usukani kushoto, inaenda upande wa kulia wa barabara. Ubungo! Saa ya ukutani inasema sita mchana, nguzo ina kivuli kinachotaka kufika Kimara. Stockholm iko nyuzi 59 kaskazini, Desemba jua la adhuhuri liko nyuzi 7 tu juu ya upeo, nguzo ya mita 5 inatupa kivuli cha karibu mita 40. Dar jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 60 hivi mwaka mzima, nguzo hiyo hiyo kivuli chake hakifiki mita 3. Kaiba mpaka jua la watu! Kutu nayo kaimwaga kila mahali kama pilipili kwenye embe, wakati kutu huanzia kwenye bolti na maungio, kisha inachuruzika chini kufuata maji ya mvua.

Kuathiriwa na Stålenhag siyo dhambi. Yeye aliweka magari ya utotoni mwake, wewe weka Peugeot 504, weka behewa la TAZARA. Lakini umwige kila kitu halafu useme leya moja?

Mzee wa Leya: Mleta uzi, povu lote hili kwa sababu ya opasiti? Kunywa maji kwanza.

Brashi Butu: Bila picha uzi haujakamilika.

Nuru ya Pwani: Kwenye kivuli umenena. Ila hizo namba za ukungu siyo msahafu. Dar kinachofifisha ni unyevu na vumbi, na rangi zake ni mbili: unyevu unavuta kwenye bluu ya kijivu, vumbi la barabara linavuta kwenye kahawia na linakaa chini. Viweke leya tofauti. Ukivichanganya kwenye brashi moja unapata matope.

Mleta uzi: Nakubali dada, lakini yeye kasema LEYA MOJA. Hata ya vumbi hana!

Chuma Chakavu: Wivu tu. Mwenzako anauza brashi, wewe unapima vivuli vya nguzo.

Dada Pikseli: Tumuache huyo. Wachapaji ndio wauaji wa ukungu. Unapeleka anga laini kama hariri, linarudi na ngazi za ghorofa. Chanzo ni faili la biti 8: kila rangi ina ngazi 256 tu, na anga la ukungu linatumia labda 30 kati ya hizo. Kwa karatasi ya A2 ya pikseli 300 kwa inchi, yaani pikseli 4961 kwa 7016, anga likijaza urefu wote kila ngazi inakuwa pana zaidi ya pikseli 200, lazima jicho liione. Chora kwa biti 16 tangu mwanzo, na kabla ya kushusha kwenda biti 8 mwagia chenga (nukta ndogo ndogo za kubahatisha) asilimia 1 au 2 juu ya anga. Na msipeleke JPEG iliyobanwa.

Mzee wa Leya: Na wale wanaobadilisha faili kwenda rangi nne za wino bila kukuuliza! Bluu inageuka zambarau, halafu anakwambia "ndivyo ulivyoleta." Geuza mwenyewe, angalia, rekebisha, ndipo upeleke.

Brashi Butu: Afadhali wachapaji. Wauza nibu, zile ncha za kalamu ya tableti ya kuchorea, je? Ile filamu ya mkwaruzo ya juu ya tableti inasaga nibu kama msasa, na nibu za kuigwa zinaisha kabla hujamaliza mchoro.

Nuru ya Pwani: Ukiona ncha imekuwa bapa upande mmoja, ibadilishe siku hiyo hiyo. Ile kona kali ndiyo inayochora mistari kwenye tableti.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa ukungu! Opasiti hamsini!

Chuma Chakavu: Nibu za chuma vipi, zinadumu?

Dada Pikseli: Zinadumu kuliko tableti yenyewe, ndiyo shida. Chukua za felti. Kuna anayejua duka Kariakoo lenye za kweli?