Tupeane uzoefu: mitandao ya kijamii inayoleta oda, si laiki tu

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za kazi. Tuweke hapa mambo ambayo mwenye biashara ndogo anaweza kuyafanya leo akiwa na simu moja. Naanza na bei. Tuachane na "bei njoo inboksi". Mteja anapitia posti za wauzaji wengi kwa mkupuo. Asipoiona bei, anapita. Weka bei na saizi zilizopo mstari wa kwanza kabisa, kwa sababu Instagram hukata maelezo na kuyaficha mpaka mtu abonyeze. Rangi, usafirishaji na namba ya simu vifuate. Bei ikipanda, rudi ukahariri posti za zamani. Mteja akija na picha ya skrini yenye bei ya zamani, ana haki ya kulalamika.

Fundi cherehani
Naunga mkono, ila kwa kazi za vipimo bei moja haiwezekani. Andika "kuanzia" kisha utaje kinachoipandisha: aina ya kitambaa, bitana, nakshi, haraka ya oda. Hapo anayekuja inboksi anakuja na swali la maana.

Mpiga picha za bidhaa
Futa lenzi, zima flashi, weka bidhaa kando ya dirisha, na uzime taa ya chumbani. Taa ya manjano ikichanganyika na mwanga wa mchana, rangi hudanganya: nguo nyeupe huonekana ya krimu, na hapo ndipo mizigo inaporudishwa. Piga mbele, nyuma, mshono au zipu kwa karibu, na moja ikiwa imevaliwa au imeshikwa mkononi ili ukubwa ujulikane. Video ziwe za wima, pikseli 1080 kwa 1920. Usiweke maandishi chini kabisa wala ukingo wa kulia, maana vitufe vya programu vitayafunika. Na bidhaa ionekane tangu sekunde ya kwanza. Nembo inaweza kusubiri.

Msimamizi wa oda
Mimi naona pesa nyingi hupotelea WhatsApp, baada ya mteja kuuliza. Tumia WhatsApp Business, ni bure. Seti majibu ya haraka: ukiandika alama ya / na neno fupi kama "malipo", maelezo yote yanajitokeza. Kila mazungumzo yape lebo: oda mpya, anasubiri malipo, amelipa. Jioni fungua "anasubiri malipo" peke yake, uwakumbushe kwa upole mmoja mmoja. Bila lebo, aliyeuliza asubuhi anazama chini ya meseji za mchana na hakuna anayemkumbuka.

Orodha ya brodikasti, yaani ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi bila kuunda grupu, inabeba watu 256, na ujumbe huwafikia wale tu waliosevu namba yako. Wengi hutuma kisha wanashangaa mbona hakuna anayejibu. Kwa hiyo ukishakabidhi mzigo, mwombe mteja aisevu. Kuwaingiza watu kwenye magrupu bila ridhaa yao ni hatari: wakikuripoti, namba inaweza kufungiwa, na wateja wote wako humo.

Mtu wa matangazo
Usilipie posti iliyododa ukitegemea pesa iifufue. Lipia ile ambayo tayari watu wanaiulizia. Kwenye lengo la tangazo chagua meseji, maana ukichagua laiki utaletewa wapenda laiki. Eneo liwe lile unaloweza kufikisha mzigo. Ukijaribu matangazo mawili, badilisha kitu kimoja tu, picha au maneno, la sivyo hutajua kipi kimefanya kazi. Stoku ikiisha, simamisha tangazo saa hiyo hiyo.

Mchangiaji mwingine
Msisahau ulinzi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. WhatsApp itakuomba PIN ya tarakimu sita, nawe ongeza na barua pepe ya kuirejesha. Akaunti isajiliwe kwa namba ya mwenye biashara, si ya kijana anayeposti, maana akiondoka anaondoka nayo. Meseji inayodai "akaunti yako imekiuka hakimiliki, bonyeza hapa" ni ya matapeli. Usiibonyeze, na ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS usimtajie mtu yeyote, hata akijiita huduma kwa wateja.