WireGuard imegoma kwenye kompyuta moja tu, simu inaunganika vizuri

Mtunza Stoo (Iringa)

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninatunza kumbukumbu za stoo ya pembejeo hapa Iringa, na kila jioni hulazimika kuingia kwenye seva ya makao makuu iliyoko Dar es Salaam kupitia VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) ya programu ya WireGuard ili niingize mauzo ya siku. Tangu Jumatano asubuhi kompyuta yangu ya mezani, yenye Windows 10, imekataa kabisa. Programu inaonyesha alama ya kijani kana kwamba kila kitu ni shwari, lakini data iliyopokelewa inabaki sifuri, na kwenye kumbukumbu zake unajirudia ujumbe uleule kwamba salamu kwa seva haikukamilika baada ya sekunde 5, hivyo inajaribu tena.

Kinachonitatiza ni kwamba simu yangu, ambayo ina faili lake la mipangilio, inaunganika bila shida kwa Wi-Fi hiyohiyo. Nimeifuta programu na kuiweka upya mara tatu, kila mara nikiingiza faili lilelile nililopewa na ofisi.

Fundi Mitandao

Mkuu, pole. Mara nyingi tatizo la namna hii husababishwa na mtoa huduma wa intaneti kuzuia pakiti (vipande vya data) za UDP, mtindo wa usafirishaji ambao WireGuard huutumia, hasa kwenye poti (mlango wa mawasiliano) namba 51820 ambayo watu wengi huitumia kwa WireGuard. Washa hotspot ya laini ya kampuni nyingine ujaribu. Vilevile hakikisha ulinzi wa Windows hauizuii programu hiyo.

Msimamizi wa Seva

Ushauri wa ndugu hapo juu ungefaa kama na simu ingekuwa imegoma, lakini simu imepita kwenye Wi-Fi hiyohiyo, ikaelekea seva ileile na poti ileile, kwa hiyo mtoa huduma tumwache kwanza. Ugumu wa WireGuard ni kwamba seva yake haimjibu mtu isiyemtambua, hata kwa kumwambia amekosea. Pakiti isiyoiridhisha huitupa kimyakimya, nawe huku unaona sifuri tu, iwe pakiti imefika au imepotea njiani. Ndiyo maana kutafuta kosa upande wako peke yake ni kupapasa gizani.

Mwombe anayesimamia seva aendeshe tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazoingia na kutoka, kwenye poti hiyo wakati wewe unajaribu kuunganisha. Salamu ya kwanza ya WireGuard ina baiti 148 na jibu la seva lina baiti 92, kwa hiyo ni rahisi kuzitofautisha. Alinganishe pia ufunguo wa umma wa kompyuta yako, yaani mfuatano wa herufi ambao seva huutumia kuitambua, na ule ulioandikwa kwenye seva. Halafu utueleze, tafadhali: ni kitu gani kilibadilishwa kwenye kompyuta hiyo kabla ya Jumatano, hata kama unakiona hakihusiani?

Mtunza Stoo (Iringa)

Ahsante. Msimamizi ameona pakiti za baiti 148 zikiingia kila baada ya sekunde 5 hivi, lakini hakuna hata moja ya baiti 92 inayotoka. Ufunguo ni sahihi, tumesomeana herufi kwa herufi tukiongea kwa simu.

Kuhusu mabadiliko, Jumanne tarehe 11 Machi fundi alibadilisha betri ndogo ya saa, ile ya CR2032, kisha akaweka tarehe kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Jioni hiyo VPN iliunganika kama kawaida, ila tovuti nyingi zilinikatalia kwa madai kwamba vyeti vyake vimekwisha muda. Asubuhi niligundua kuwa BIOS hutanguliza mwezi, kwa hiyo 11/03 ya fundi ilisomeka tarehe 3 Novemba. Nikairekebisha, na tovuti zote zikafunguka.

Msimamizi wa Seva

Basi hapo ndipo penye kiini. Kila salamu ya WireGuard hubeba saa ya kompyuta iliyoituma, na seva hukumbuka saa ya mwisho iliyoipokea kwa kila ufunguo. Salamu inayofuata lazima iwe na saa iliyo mbele ya hiyo. Ikiwa nyuma, seva huichukulia kuwa ni pakiti ya zamani ambayo mtu aliinasa na sasa anairudia, na huitupa. Hailinganishi na saa yake yenyewe, ndiyo maana Jumanne ulipokelewa ingawa ulikuwa miezi karibu minane mbele. Uliporudi Machi, ukawa mtu wa kale. Kufuta programu hakukusaidia kwa sababu seva haikumbuki programu, inakumbuka ufunguo, na ufunguo ulikuwa uleule.

Ukipenda unaweza kusubiri hadi jioni ya tarehe 3 Novemba. La sivyo, msimamizi aufute ufunguo wako wa umma kwenye seva inayoendelea kufanya kazi kisha auongeze upya pamoja na anwani yako ya ndani, maana kumbukumbu ya saa hufutika pamoja nao. Kuzima na kuwasha VPN nzima upande wa seva kunaleta matokeo hayohayo, lakini kutawakatia watu wote kwa muda, na kama yeye mwenyewe ameingia kwenye seva kupitia VPN hiyo, atajifungia nje.

Mtunza Stoo (Iringa)

Ameufuta na kuuongeza, na kabla hata hajakata simu akaniambia ameona baiti 92 zikitoka. Data imeanza kupokelewa na mfumo wa stoo umefunguka. Nawashukuru sana. Nimebakiwa na kazi ya kurekebisha mauzo ya Jumanne, kwa kuwa mfumo umeyaandika yote, risiti kwa risiti, kuwa ni ya tarehe 3 Novemba.